Hasira ya Kuachwa na Hasira ya Kudharauliwa: Kutofautisha Haiba ya Mpakani na Haiba ya Kinarsisi

Wagonjwa wawili waliofika siku moja katika kliniki ya wagonjwa wa nje waliandikiwa maneno yale yale kwenye majalada yao: "hasira zisizodhibitika." Wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa miaka 24, ambaye usiku uliotangulia alijikata mkono wa kushoto kwa wembe mara saba, mikato isiyo ya kina. Wa pili alikuwa mkuu wa idara katika kampuni, mwanamume wa miaka 46, aliyevunja kioo cha gari lake mwenyewe kwa ngumi mbele ya majirani, akaletwa na mkewe. Wote wawili walipewa diazepamu ya kulalia na kuambiwa wapunguze mawazo. Fundi alirudi baada ya wiki mbili akiwa na majeraha mapya. Mkuu wa idara hakurudi.

Mifano hiyo ni ya kutungwa. Imeunganishwa kutokana na hali nyingi ambazo wahudumu wa afya hukutana nazo, na haimhusu mtu yeyote mmoja. Lakini kosa lililofanyika ni la kweli na hutokea mara nyingi: watu wawili wenye maumivu tofauti hutibiwa kama mtu mmoja kwa sababu mlipuko wao unafanana.

Kwa lugha ya kila siku, haiba ni mvuto, ule uzuri wa umbo na mwenendo unaompendeza mtazamaji. Katika saikolojia neno hili lina maana pana zaidi. Ni namna ya kudumu ambayo kwayo mtu huwaza, huhisi, hujiona na huishi na wenzake. Kila mtu ana haiba, na hakuna haiba isiyo na kasoro. Tatizo la haiba hutajwa pale tu namna hiyo inapokuwa ngumu isiyopindika, imeanza ujanani, inajitokeza nyumbani, kazini na katika urafiki, na inamletea mhusika au walio karibu naye mateso ya muda mrefu. Mtu aliyekuwa mkali kwa mwezi mmoja baada ya kufiwa hana tatizo la haiba. Wala hana tatizo hilo Mhaya anayetamba majigambo mbele ya hadhira, akijisifu kwa ushujaa wake na wa ukoo wake. Hiyo ni sanaa yenye kanuni zake, na mtambaji akimaliza hurudi kuketi na wenzake kama mtu mwingine yeyote.

Majina ya matatizo haya mawili yana historia inayoeleza kwa nini yanachanganywa. Mwaka 1938 Adolph Stern, daktari wa New York, aliandika kuhusu wagonjwa waliokuwa mpakani: hawakufanana na watu wenye wasiwasi na huzuni za kawaida, wala hawakufanana na waliopoteza uhalisia kwa saikosisi. Jina la mpakani likabaki, ingawa leo hakuna anayeamini kwamba mgonjwa huyo yuko njiani kuelekea kwenye wazimu. Jina la kinarsisi linatokana na kijana Narcissus wa hadithi za Kigiriki, aliyeipenda taswira yake majini hata akashindwa kuondoka ukingoni. Freud alilifanya kuwa la kitaalamu katika insha yake ya mwaka 1914. Baadaye Otto Kernberg alifundisha kwamba nyuma ya majivuno ya wagonjwa wengi wa kinarsisi kuna msingi ule ule uliomo katika haiba ya mpakani. Heinz Kohut, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alikataa, akiliona tatizo la kinarsisi kuwa na chanzo chake lenyewe. Kwa hiyo tabibu wa leo anayeshindwa kuyatenganisha asijilaumu sana. Mabingwa wenyewe hawakukubaliana.

Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani uliyapa matatizo haya nafasi mbili tofauti mwaka 1980, na hadi leo unataja dalili tisa kwa kila moja. Mgonjwa anatakiwa awe na angalau tano. Shirika la Afya Duniani limechukua njia nyingine. Katika toleo la 11 la uainishaji wake wa magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, karibu majina yote ya aina za haiba yameondolewa. Tatizo la haiba sasa hupimwa kwanza kwa ukali wake, yaani dogo, la wastani au kali, kisha huelezwa sifa zinazotawala. Mtindo wa mpakani umebakizwa kama nyongeza inayoweza kuandikwa pembeni. Jina la kinarsisi halimo. Hilo halimaanishi kwamba watu hao wametoweka. Maana yake ni kwamba mhudumu hawezi kutegemea jina, bali atalazimika kueleza anachokiona.

Na anachokiona kwanza ni mambo yanayofanana. Katika matatizo yote mawili kuna hasira kali inayowaka ghafla. Katika yote mawili mtu mmoja husifiwa leo kama malaika na kesho hutupwa kama takataka. Mgonjwa wa aina zote mbili huumizwa kupita kiasi na neno dogo la kukosolewa, na wote wawili, wakipata mahali salama pa kusema, hueleza utupu ndani yao. Ndiyo maana kuhesabu dalili pekee hakutoshi. Kuna maswali mawili yanayofungua mlango kuliko orodha yoyote.

Nini kilitokea saa moja kabla?

Hilo ndilo la kwanza. Fundi cherehani alipoulizwa hatimaye na muuguzi aliyekuwa na muda wa kukaa naye, alisimulia hivi: mchumba wake aliahidi kupiga simu saa kumi jioni. Saa kumi na moja haikuwa imeita. Alituma ujumbe mmoja, kisha mitano, kisha akapoteza hesabu. Kwanza aliogopa kwamba kijana amepata ajali, kisha akawa na uhakika kwamba yuko na mwanamke mwingine, kisha akamtukana kwa maandishi, kisha akamwomba radhi, kisha akaandika kwamba hataki kuishi. Kufikia saa tatu usiku hakuhisi tena kitu chochote. "Nilikuwa kama sipo, dada," alimwambia muuguzi. "Nilipoona damu ndiyo nikajua bado nipo."

Mkuu wa idara hakuulizwa, lakini mkewe alieleza. Asubuhi ya siku ile lilitoka tangazo la kupandishwa vyeo, na nafasi aliyoihesabu kuwa yake alipewa kijana aliyemfundisha kazi yeye mwenyewe. Hakusema neno ofisini. Alirudi nyumbani, na jirani aliyekuwa akipita akamsalimu kwa utani: "Vipi, Mkurugenzi, tumeshapata?" Hapo ndipo kioo kilipovunjika.

Fundi aliumizwa na umbali, yaani mtu anayemhitaji ili ajihisi yupo alionekana kuondoka. Mkuu wa idara aliumizwa na cheo, yaani kimo alichojiwekea mbele ya watu kilishushwa hadharani. Kwa mtu mwenye haiba ya mpakani, jambo lisilovumilika ni kuachwa, hata kama kuachwa huko ni kwa kuwaza tu. Kwa mtu mwenye haiba ya kinarsisi, jambo lisilovumilika ni aibu ya kuonekana wa kawaida.

Nini kinauzima moto?

Swali la pili hutumika mara chache zaidi, nalo pengine ni bora kuliko la kwanza. Simu ya fundi ilipoita saa tano usiku na sauti ya mchumba ikasikika, hasira yote iliyeyuka. Hakudai maelezo. Alichokitaka ni mtu, na mtu amerudi. Kesho yake alikuwa akimsifu kwa wateja wake kama kijana asiye na mfano.

Mke wa mkuu wa idara naye hakwenda popote. Alikesha naye, akamfunga mkono bendeji, akamwambia kwamba cheo si kitu na kwamba yeye na watoto wanampenda. Maneno hayo hayakumtuliza hata kidogo. Yalimuudhi zaidi, kwa kuwa yalikubali kwamba ameshindwa. Kilichomtuliza, kwa siku mbili, ni simu ya ofisa mmoja wa juu aliyemwambia kwamba kampuni nzima inajua nani alistahili. Kuwepo kwa mpendwa kunamponya wa kwanza kwa muda. Kutambuliwa kunamponya wa pili kwa muda. Wote wawili wataumia tena wiki ijayo, lakini mhudumu aliyesikiliza majibu ya maswali haya amekwisha kujua anashughulika na jeraha gani.

Tofauti nyingine hufuata kutoka hapo. Mtu mwenye haiba ya mpakani hana hakika yeye ni nani. Taswira yake ya nafsi hubadilika pamoja na mtu aliye naye: leo ni mcha Mungu, mwezi ujao amebadili mavazi, marafiki na mipango ya maisha, naye mwenyewe hushangaa. Mwenye haiba ya kinarsisi ana taswira imara, tena kubwa mno, lakini taswira hiyo ni kama nyumba nzuri iliyojengwa juu ya mchanga; lazima watu wa nje waitegemeze kila siku kwa sifa. Kuhusu hisia za wengine, wa kwanza huzisoma haraka kupita kiasi, akiona dharau katika uso uliochoka tu kwa usingizi. Wa pili mara nyingi anaweza kutambua mwenzake anahisi nini, ila hilo halimgusi hadi limhusu yeye. Kujikata, kujiunguza na kumeza vidonge mara kwa mara ni dalili ya mpakani kwa kiasi kikubwa. Pia ni ya mpakani ile hali ya dakika au saa chache ambapo mgonjwa, akiwa katika msongo, hujihisi yuko nje ya mwili wake au hushuku kwamba kila mtu anamsema vibaya.

Umri nao una la kusema. Dhoruba ya mpakani hushika kasi katika ujana na katika miaka ya ishirini, kisha kwa wengi hupungua. Haiba ya kinarsisi inaweza kukaa kimya miaka mingi wakati mambo yanakwenda vizuri, ikaumbuka mtu anapopoteza cheo, uzuri au nguvu, au anapostaafu.

Kuna kipimo kingine kisichoandikwa kwenye fomu yoyote, nacho ni moyo wa mhudumu mwenyewe. Mbele ya mgonjwa wa mpakani, muuguzi huhisi kwamba ni yeye peke yake anayeweza kumwokoa. Humpa namba yake binafsi, humjibu usiku wa manane, na baada ya mwezi amechoka na ana hasira asiyoithubutu kuisema. Timu nayo hugawanyika, nusu wakimwona binti anayeonewa na nusu wakimwona mwigizaji. Mbele ya mgonjwa wa kinarsisi, mhudumu hujiona mdogo. Muuguzi alimwambia yule mkuu wa idara, "Kaka, karibu ukae," naye akajibu kwamba yeye si kaka wa mtu pale, na kwamba aitwe bingwa, si tabibu wa kutibu mafua. Wakati mwingine ni kinyume chake: mgonjwa humsifu daktari kuwa ndiye pekee mwenye akili katika hospitali nzima, na daktari huondoka chumbani akitembea kwa maringo bila kujua kwa nini. Hisia hizi hazitoshi kuthibitisha ugonjwa, lakini anayeziona mapema hukosea mara chache.

Pale ambapo mistari hufutika

Ingekuwa rahisi kama wagonjwa wote wangefanana na hao wawili. Hawafanani. Mwaka 1991 Paul Wink alionyesha kwamba narsisi ina nyuso mbili. Moja ni ile ya kujitutumua inayojulikana na kila mtu. Nyingine ni ya kujificha: mtu mwenye haya, anayenung'unika chini kwa chini, anayejiona hathaminiwi na anayekwepa watu ili wasimkosoe. Huyu hufika kliniki akilia, na huandikiwa sonona au mpakani. Kinachomtambulisha ni maudhui ya kilio chake. Hasemi "wataniacha", husema "hawajui mimi ni nani." Hata anapomlilia mke aliyeondoka, ukimsikiliza kwa utulivu utasikia zaidi swali la watu watasema nini kuliko kumkosa yeye.

Jinsia nayo hupotosha macho. Katika kliniki, wengi wanaopewa jina la mpakani ni wanawake na wengi wanaopewa la kinarsisi ni wanaume. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na mhudumu mwenyewe. Kijana wa kiume anayejikata, anayepigana baada ya kila ugomvi wa mapenzi na anayelewa ili asihisi utupu hupelekwa kituo cha polisi kabla hajafika hospitalini. Akifika, huitwa mhuni. Mwanamke anayewatawala wenzake kwa dharau na kuishi kwa kusifiwa huitwa mwenye jazba. Na kuna watu wasio wachache ambao kwa haki kabisa wana matatizo yote mawili. Kwao maswali yale mawili bado yanafaa, ila majibu yatabadilika kutoka tukio hadi tukio.

Kabla ya kulitaja jina lolote kati ya haya, mhudumu aondoe kwanza mambo mengine: ulevi na bangi, kifafa, jeraha la ubongo, na hasa baipola. Katika baipola, hali ya kupanda kwa hisia hudumu siku nyingi mfululizo, angalau siku nne katika hali nyepesi na wiki moja katika hali kali, na mtu hulala kidogo bila kuhisi uchovu. Hisia za mpakani hubadilika kwa saa, na karibu kila mara kuna mtu aliyezibadilisha. Kujiona mkuu kwa mgonjwa wa baipola huja na kuondoka na ugonjwa. Kwa mwenye haiba ya kinarsisi hakuondoki.

Chanzo cha matatizo haya hakiko mahali pamoja. Uchunguzi mkubwa wa Uswidi uliohusisha watu zaidi ya milioni 1.8 ulikadiria kwamba takriban asilimia 46 ya tofauti kati ya watu katika haiba ya mpakani inaelezwa na urithi. Inayobaki ni mazingira, na ndani yake wengi, ingawa si wote, wana historia ya kupigwa, kutelekezwa au kudhulumiwa kingono utotoni. Kuhusu narsisi, utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia watoto 565 wa miaka 7 hadi 11 pamoja na wazazi wao. Watoto ambao wazazi waliwaona kuwa bora kuliko wenzao na wenye haki kuliko wenzao ndio walioongezeka sifa za kinarsisi. Watoto waliopewa upendo na ukaribu waliongezeka kujithamini, jambo lililo tofauti kabisa.

Kwa nini kosa la utambuzi ni la hatari

Hakuna dawa inayotibu tatizo lolote kati ya haya mawili. Sentensi hiyo ingebandikwa ukutani katika kila chumba cha dawa. Diazepamu na ndugu zake huweza kulegeza breki za mgonjwa wa mpakani na kumfanya ajidhuru zaidi, mbali na kumjengea utegemezi. Amitriptilini, ambayo hupatikana hadi katika vituo vidogo na hutolewa kwa urahisi kwa mtu asiyelala, ni sumu kwa moyo ikimezwa kwa wingi. Kumpa mgonjwa anayejidhuru dozi ya mwezi mzima ni kumkabidhi silaha. Ikiwa ana sonona ya kweli juu ya tatizo lake, na wengi wanayo, dawa itolewe kwa kiasi cha wiki moja, na ichaguliwe ile isiyo na hatari hiyo.

Tiba halisi ni ya mazungumzo. Kwa mpakani ipo iliyothibitishwa. Marsha Linehan wa Seattle alichapisha mwaka 1991 jaribio la kwanza la tiba yake ya kidialektiki, inayomfundisha mgonjwa mambo mawili yanayoonekana kupingana: kujikubali alivyo, na kujifunza stadi za kubadilika, kama vile kuvumilia dakika za mateso bila wembe. Mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alilazwa akiwa msichana, akijikata na kujiunguza. Vituo vyenye tiba kamili ya aina hiyo ni vichache Afrika Mashariki, lakini msingi wake unaweza kufuatwa hata na zahanati: mhudumu mmoja, siku moja ya wiki, saa ile ile, na taarifa ya mapema pale anapokwenda likizo. Mgonjwa wa mpakani aliyekuta mlango umefungwa bila kuambiwa atakuwa ameachwa kwa mara nyingine.

Matumaini hapa si ya kufarijiana. Mary Zanarini na wenzake huko Massachusetts waliwafuatilia wagonjwa wa mpakani 290 waliowahi kulazwa. Katika miaka 10, asilimia 93 walifikia kipindi cha angalau miaka miwili ambacho hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Nusu walipona kwa maana pana zaidi, ya kuwa na kazi na uhusiano mzuri pia. Mgonjwa anayeuliza, "Daktari, hii ni kichaa ya maisha?" ana haki ya kupewa takwimu hizo.

Kwa narsisi ushahidi ni mchache zaidi, na kikwazo cha kwanza ni kumfanya mgonjwa arudi. Kumwambia siku ya kwanza kwamba ana majivuno ni kumfukuza. Kumbembeleza kwa sifa nako ni kuingia katika ugonjwa wake. Kinachofaa ni kuanza na kile kinachomuuma: "Ulifanya kazi ile miaka mingi, na jana ulidhalilika mbele ya watu. Hilo linaweza kumfanya mtu ashindwe kulala." Sentensi hiyo haimsifu wala haimshushi, na mtu asiyeweza kusema "ninaumia" anaweza kuikubali.

Hapa pana jambo ambalo wahudumu wengi hulisahau. Fundi cherehani anaonekana kuwa hatarini kwa sababu damu yake inaonekana, na kweli yumo hatarini: makadirio ya miaka mingi yamesema hadi mgonjwa 1 kati ya 10 wa mpakani hufa kwa kujiua, ingawa tafiti za kufuatilia wagonjwa zimepata kiwango cha chini ya hapo. Lakini mkuu wa idara hakulia, hakutishia, na hakumwambia mtu chochote. Mtu wa aina yake aliyeporomoka hadharani anaweza kujiua kwa utulivu, kwa mpango, bila jaribio la awali na bila dalili za sonona zilizozoeleka. Asiyerudi kliniki baada ya kufukuzwa kazi, kufilisika au kufikishwa mahakamani anapaswa kupigiwa simu. Aulizwe wazi kama amewaza kufa. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo.

Kwa mwenye majeraha ya wembe, mambo mawili hufanyika vibaya mapokezini. La kwanza ni adhabu. Wagonjwa wa nchi nyingi wameeleza kushonwa bila ganzi ya kutosha au kuachwa wasubiri wa mwisho "ili wajifunze." Hawajifunzi chochote ila kuficha majeraha. La pili ni maandishi. Sheria ya Tanzania inakihesabu kitendo cha kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, wakati nchini Kenya Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakwenda kinyume cha katiba. Mtu aliyejikata ili atulie hakujaribu kujiua. Aulizwe nia yake, na nia hiyo iandikwe kama alivyoisema kabla ya mtu yeyote kuanza kuzungumzia fomu ya polisi. Huduma ya dharura haipaswi kusubiri fomu.

Kwa familia, onyo ni moja. Maneno haya yamekwisha kutoka kliniki na sasa yanarushwa mitandaoni kama mawe: kila mume mkaidi ni narsisi, kila mchumba mwenye wivu ni mpakani. Jina la ugonjwa halitolewi na mtu aliye katikati ya ugomvi. Na mwanamke anayepigwa hana sababu ya kusubiri kujua kama anayempiga ana haiba gani. Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi halimuulizi utambuzi wa kitabibu. Ugonjwa unaweza kueleza kipigo bila kukihalalisha.

Barua ya rufaa inayoandikwa "mgonjwa mkorofi, anatafuta umaarufu" haimsaidii mpokeaji. Inayosaidia hutaja tukio la mwisho, kilichotokea saa moja kabla, kilichomtuliza, mara ngapi amejidhuru na kwa nia gani, dawa alizonazo nyumbani, na jina la mtu mmoja anayeweza kupigiwa simu. Kwenye jalada la mkuu wa idara, neno hasira lilikatwa kwa kalamu na kuandikwa: "Amedhalilika kazini. Hajarudi. Apigiwe leo, na daktari mwenyewe." Kwenye la fundi cherehani: "Kila Jumanne, saa tatu asubuhi, muuguzi yule yule. Jumanne ya tarehe 14 muuguzi hatakuwepo, mgonjwa ameshaambiwa."